Nicodemus, Kansas: mji wa wakulima weusi uliobaki na watu 14. Ulianzaje, na ukapunguaje?

Safari_KC:
Wakuu, habari za leo. Wikiendi ya mwisho ya Julai kikundi chetu cha hapa Kansas City kinakwenda Nicodemus, ule mji wa wakulima weusi kaskazini-magharibi mwa Kansas. Mimi ndiye nitakayewaeleza wenzangu ndani ya basi. Najua ulianzishwa 1877 na watu waliotoka utumwani. Nisichokijua ni habari za shambani. Walianzaje kulima pale? Kwa nini sensa ya 2020 ilikuta watu 14 tu, ilhali mashamba yote ya pembeni bado yanalimwa? Siku hizi panalimwa nini, na vipi? Na tukifika tuangalie nini? Naomba anayejua anieleze kwa undani, si kwa kubahatisha.

Nafaka77:
Mkuu, anza na sheria ya ardhi, maana bila hiyo hakuna Nicodemus. Sheria ya Homestead ya 1862 ilimruhusu mtu mwenye miaka 21, au mkuu wa kaya, kuchukua ekari 160 za ardhi ya serikali. Ada zote kwa jumla zilikuwa dola 18. Ilibidi ukae hapohapo miaka 5, ujenge, ulime, kisha ulete mashahidi wawili wakuthibitishie ndipo upewe hati. Watu wakisikia "ardhi ya bure" hudhani ilikuwa mteremko. Swali lilikuwa utakula nini mpaka shamba lianze kukulisha.

Kampuni ya kuanzisha mji iliundwa Aprili 1877 na watu saba: weusi sita na mzungu mmoja. Rais alikuwa mchungaji W. H. Smith, mweusi. Mzungu ni W. R. Hill, mtu wa biashara ya viwanja. Wakasambaza vipeperushi Kentucky, na aliyetaka kwenda alilipa dola 5. Kundi kubwa la watu zaidi ya 300 kutoka eneo la Lexington lilifika Septemba. Walipanda treni hadi mji wa Ellis, halafu wakatembea kilomita 55 hivi.

Sasa iangalie hiyo tarehe. Ukifika uwanda ule Septemba umebakiwa na wiki chache tu kabla ardhi haijaganda. Msimu wa kupanda mahindi umepita, na mbao hakuna, kwa sababu miti iko kandokando ya mito peke yake. Baadhi ya familia ziligeuza zikarudi. Waliobaki wakachimba mahandaki ya kuishi.

Handaki lilijengwa hivi. Unachagua mteremko, unachimba kuingia ndani kama unayechimba chumba, mbele unaziba kwa mawe ya chokaa au kwa mapande ya ardhi yenye nyasi. Mapande hayo hukatwa kwa plau, upana kama sentimita 30 na unene kama 10, mizizi ya nyasi ndiyo inayoyashikilia yasimeguke. Hulazwa nyasi zikiwa chini. Paa ni boriti nene katikati, fito, matawi, nyasi kavu, na juu kabisa udongo. Ndani pana joto wakati wa theluji na ubaridi wakati wa jua. Ubaya wake ni mvua: paa hulowa na kuendelea kudondosha matope hata mvua ikishakatika, na boriti ikioza paa zima linashuka. Kuni zilikuwa samadi kavu na mabua ya alizeti. Willianna Hickman, aliyefika 1878, alisimulia baadaye kwamba alipoonyeshwa mji hakuona nyumba hata moja, aliona moshi tu unatoka ardhini. Akalia.

Shambani kazi ilikuwa ngumu vilevile. Wengi hawakuwa na farasi wala plau. Ardhi ya nyasi ambayo haijawahi kulimwa, jembe la mkono linairuka tu. Njia iliyotumika sana kwenye nyanda zile mwaka wa kwanza ni kupasua ardhi kwa shoka au sepeto, kudondosha punje za mahindi kwenye ufa, na kuukanyaga ufungike. Mavuno yake ni haba, ila yanamfikisha mtu mwaka wa pili, mizizi ikishaoza na udongo ukalainika.

MizaniNaLori:
Mkuu Nafaka77 kaeleza vizuri. Mimi nijibu lile la kwa nini mji ulipungua, kwa sababu wengi hukimbilia kusema ukame. Ukame ulikuwepo, lakini kilichouvunja mji ni umbali kutoka relini.

Piga hesabu hii ya mfano. Mkokoteni wa farasi hubeba busheli 40 hadi 50 za ngano, na busheli moja ni kilo 27. Mkulima mwenye ekari 20 akivuna busheli 15 kwa ekari ana busheli 300, yaani safari sita hadi nane. Ellis ni siku mbili kwenda na mbili kurudi. Mwezi mzima unaishia njiani, farasi wanakula, shamba la msimu ujao halijaguswa. Mwenye reli mlangoni anamaliza kazi hiyohiyo kwa siku chache.

Watu wa Nicodemus walilielewa hilo vizuri sana. Miaka ya 1880 mji ulikuwa na hoteli, makanisa, maduka, shule, na magazeti mawili, Western Cyclone la 1886 na Nicodemus Enterprise la 1887. Machi 1887 wakapiga kura kutoa hati za mkopo za dola 16,000 kuivutia reli ya Missouri Pacific. Haikuja. Mwaka 1888 reli ya Union Pacific ikapita upande wa pili wa mto Solomon, umbali wa kilomita 10 hivi, na mji mpya wa Bogue ukaota hapo. Wenye maduka wakahamia huko, wengine wakalihamisha jengo lenyewe. Duka likiondoka, mkulima anakwenda kununulia kule anakouzia. Mji uliobaki na makanisa na shule peke yake hauna cha kuwashika vijana.

Ukame na upepo wa vumbi wa miaka ya 1930 ukakuta mji umeshadhoofika. Posta ilifungwa 1953, shule 1960.

Halafu kuna jambo la mikopo, na wenzako walisikie. Mkulima wa nafaka hukopa kila msimu: mbegu, mbolea, mafuta. Anayecheleweshewa mkopo hadi wakati wa kupanda umepita, hata akipewa haumsaidii kitu. Wakulima weusi nchi nzima walilalamikia hilo dhidi ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, na kesi yao, iliyoitwa Pigford, ilimalizwa kwa makubaliano mwaka 1999, malipo yake yakazidi dola bilioni 1. Ardhi iliyokwishauzwa haikurudi.

RehemaK:
Kuhusu kilimo cha leo. Mvua pale ni kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, na ngano nyingi inategemea mvua hiyo tu. Kwa hiyo mfumo wa kawaida ni mazao mawili kwa miaka mitatu: ngano, kisha mtama, kisha shamba linapumzika likusanye unyevu. Mabua hayalimwi chini. Yanaachwa wima yanase theluji na kuvunja upepo.

Ngano ni ile ngumu nyekundu inayopitisha majira ya baridi ikiwa shambani. Hupandwa mwishoni mwa Septemba hadi mwanzoni mwa Oktoba, kama kilo 27 za mbegu kwa ekari, kina cha sentimita 3 hadi 5. Lazima ipigwe na baridi ndipo itoe masuke. Ukiipanda mwezi wa nne utapata majani matupu. Ukiwahi sana kupanda, inzi wa Hesse hutaga na funza wake wanadhoofisha mashina. Ukichelewa, mche haupati muda wa kuchipua machipukizi ya pembeni kabla ya baridi.

Kosa linalowagharimu watu zaidi ni kuacha ngano iliyojiotea yenyewe baada ya mavuno. Hiyo ndiyo nyumba ya utitiri unaobeba virusi vya michirizi. Iuawe yote angalau wiki mbili kabla ya kupanda, na jirani yako afanye hivyohivyo, kwa sababu utitiri huo unachukuliwa na upepo.

Mavuno ni mwishoni mwa Juni hadi mwanzoni mwa Julai. Lori likifika kwenye silo, yaani ghala la nafaka, linapimwa likiwa limejaa, bomba linadungwa ndani ya nafaka kuchukua sampuli, unyevu unapimwa. Ukizidi asilimia 13.5 unakatwa bei au unarudishwa. Wanapima pia uzito wa busheli: pauni 60 ndiyo ngano nzuri, na ikishuka punje zilinyauka. Lori linamwaga, linapimwa tupu, dereva anapewa tiketi yake. Bei ni ile ya mkataba wa ngano unaoitwa wa Kansas City ukitoa gharama ya kuifikisha nafaka sokoni. Umbali bado unamkata mkulima, kama alivyosema MizaniNaLori.

Mashamba mengi yanayouzunguka mji yanalimwa na wapangaji. Desturi ya upande ule kwa ngano ya mvua ni mwenye ardhi kuchukua theluthi moja ya mavuno na mlimaji theluthi mbili. Ndiyo maana kuna wajukuu wa Nicodemus wanaoishi mbali sana na bado wana ngano Kansas. Ekari 160 zilikuwa shamba la familia moja wakati ule. Leo mlimaji mmoja wa ngano huendesha ekari elfu kadhaa, na nyumba zinapungua kwa kiasi hichohicho.

Safari_KC:
Asanteni sana, wakuu. Nimesikia pia walijaribu tefu, nafaka ya Waethiopia. Ni kweli?

RehemaK:
Kweli, miaka ya mwanzo ya 2000, wakilenga Waethiopia na Waeritrea walioko Marekani. Huvumilia ukame, lakini ni kazi ya mkono mwepesi. Mbegu ni ndogo kama mchanga, kilo 2 hadi 3 zinatosha ekari, na isifukiwe zaidi ya nusu sentimita. Mvua kubwa ikipiga kabla haijaota, udongo unafanya gamba na mche haupenyi. Haitaki jalidi kabisa, kwa hiyo ni mwisho wa Mei au Juni. Mbolea ya naitrojeni ikizidi, inalala chini yote. Kwenye kombaini, mashine ya kuvunia, ziba kila tundu kwa utepe na punguza feni hadi karibu na mwisho, la sivyo mavuno yanapeperukia nyuma pamoja na makapi.

MizaniNaLori:
Safari: barabara ya I-70 hadi Hays, barabara ya 183 kaskazini hadi Stockton, halafu barabara ya 24 magharibi. Hesabuni saa tano. Jazeni mafuta Stockton, na maji na chakula mbebe, Nicodemus hakuna kituo wala duka.

Anzieni ukumbi wa tarafa, jengo la mawe ya chokaa la 1939. Ndiyo ofisi ya wageni, kiingilio bure. Mengine manne ya hifadhi ni kanisa la A.M.E. (Wamethodisti weusi), kanisa la kwanza la Baptisti, hoteli ya St. Francis na shule ya 1918. Yamekuwa hifadhi ya taifa tangu 1996. Wikiendi hiyo ndiyo ya sherehe ya ukombozi, wazawa wanarudi kutoka kila jimbo, na asili yake ni Agosti 1, siku utumwa ulipofutwa katika visiwa vya Karibi vya Waingereza. Ni watu wako nyumbani kwao, kwa hiyo salimieni kwanza, picha baadaye.

Ngano itakuwa imeshavunwa. Mtakayoyaona ni mabua ya manjano, na mtama wa kijani pembeni yake. Basi lisiegeshwe juu ya mabua hata kwa dakika mbili, bomba la moshi likiwa la moto mabua hayo yanashika upesi sana.