Mlinikabidhi miradi bila kunifundisha, leo mnaniletea barua ya kujieleza

Wakuu, poleni na majukumu. Nina hasira, kwa hiyo maneno yatakuwa makali, ila hakuna nitakapotia chumvi.

Mimi ni mhasibu katika chuo kikuu kimoja cha umma hapa nchini. CPA ninayo, na huu ni mwaka wangu wa tisa kazini. Alhamisi iliyopita nimeletewa bahasha ya kaki mezani. Natakiwa nijieleze ndani ya siku 14 kwa nini nisichukuliwe hatua za kinidhamu kwa kukisababishia chuo kurudisha fedha za mfadhili.

Fedha zenyewe ni hizi. Tulikuwa na mradi wa afya unaolipiwa na Umoja wa Ulaya kupitia Horizon Europe, mpango wake wa kufadhili utafiti. Mradi uliajiri manesi watatu huko wilayani, wakawa wanapita kaya kwa kaya kwa miezi 18, jua na mvua. Mshahara waliupata kila mwezi kwa njia ya benki, karatasi zote za malipo zipo na nimezipanga kwa mkono wangu. Mkaguzi alipokuja, karatasi za benki alizitazama dakika tano tu. Alichokitaka ni tamko la siku za kazi: karatasi moja ya kila mwezi inayoonyesha mtu kafanyia mradi siku ngapi, ina saini yake, saini ya msimamizi wake na tarehe. Hatukuwa nayo hata moja. Akafunga faili taratibu, akaandika mstari mmoja kwenye kompyuta yake. Mstari ule ndio mshahara wa watu watatu kwa mwaka na nusu. Kazi ilifanyika, watu walilipwa, hakuna aliyeiba hata shilingi, na bado gharama imekataliwa.

Jioni ileile mkubwa mmoja akaniita ofisini kwake. Akaniambia nichape fomu zote 54, niwaite manesi waje wasaini, tuziweke tarehe za nyuma. Nikakataa. Fomu za miezi 18 kusainiwa jioni moja ni kughushi, hata uiite jina gani. Wiki mbili baadaye barua ikaja.

Sasa naomba mnijibu: hilo tamko nilitakiwa nilijue kutoka wapi? Chuoni nilisoma uhasibu. Kazini nimefundishwa masurufu na marejesho yake, MUSE ya malipo ya serikali, NeST ya manunuzi, risiti za EFD, na namna ya kujibu hoja za CAG. Hayo niulizeni saa nane usiku nitawajibu. Lakini fedha za mfadhili zina sheria zake, na kila mfadhili ana zake. Horizon Europe inakupa asilimia 25 ya gharama za moja kwa moja kwa ajili ya uendeshaji. NIH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa afya, kwa taasisi iliyo nje ya Marekani, mwisho ni asilimia 8. Ofisi yetu ya utafiti ina jedwali moja la bajeti lenye asilimia 15, na ndilo analopewa kila mtafiti, awe anaomba Brussels kwa Umoja wa Ulaya au Bethesda kwa NIH. Nimemwona mhadhiri mmoja anapangua bajeti nzima usiku wa kuamkia siku ya mwisho, mtoto kalala kwenye kiti pembeni yake.

Vifaa navyo ni kilio. Tulinunua jokofu la maabara miezi miwili kabla mradi haujafungwa, kwa sababu zabuni ilichukua muda mrefu. Kumbe kwa kawaida Umoja wa Ulaya haulipi bei ya jokofu, unalipa uchakavu wake kwa miezi lililotumika ndani ya mradi. Miezi miwili! Salio likabaki shingoni mwa chuo.

Usajili wa SAM, mfumo wa serikali ya Marekani ambao Wamarekani wanautaka ndipo wapokee ombi lako, lazima uhuishwe kila mwaka. Wetu ulisajiliwa kwa barua pepe ya mzee aliyekwishastaafu. Ukaisha muda, ujumbe wa tahadhari ukawa unaenda kwake, na timu iliyohangaika na andiko miezi minne ikashindwa kuliwasilisha.

Na mikataba? Mwaka 2024 NIH ilianza kutaka mshirika mdogo aliye nje ya Marekani ampe mshirika mkuu nafasi ya kuona madaftari ya maabara na takwimu zote, angalau mara moja kwa mwaka. Kifungu hicho kilikuwa kwenye mkataba tuliosaini. Mtafiti wetu mkuu amekijua siku alipoandikiwa kwamba madaftari yanasubiriwa.

Mafunzo yalikuwepo, tena ya siku tano, Morogoro, mwaka uleule mkataba wa Ulaya uliposainiwa. Walikwenda wakurugenzi na wakuu wa ndaki. Kwa upande wa uhasibu alikwenda bosi wangu, na mwaka uliofuata akastaafu. Nilimwomba makabrasha, akaniambia yalibaki kwenye gari. Afisa ugavi anayenunua vifaa vya miradi hakwenda. Mwanasheria anayepitia mikataba hakwenda. Karani anayetunza mahudhurio ya wafanyakazi wa miradi hajui hata kama mafunzo yalifanyika. Mimi nilihusika kwa kitu kimoja: niliandaa malipo ya posho.

Najua kuna atakayekuja hapa kusema ningesoma mwenyewe. Nimesoma, mkuu. Mwongozo wa mkataba wa Horizon Europe uko wazi mtandaoni, ni mamia ya kurasa za Kiingereza cha wanasheria, na nimeusoma usiku baada ya usiku tangu mkaguzi aondoke. Ndiyo maana leo naweza kuwaandikia haya. Lakini nimeusoma maji yakiwa yamekwisha kumwagika, na wakati mradi unaendelea nilikuwa na mingine mitatu mezani, pamoja na mishahara ya ndaki nzima.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba fedha ya kutufundisha ipo. Ile asilimia 25, ile asilimia 8, mfadhili anaitoa kwa ajili ya ofisi kama yangu: uhasibu, ugavi, umeme, usimamizi. Chuo kinaichukua kila mradi unapoingia. Katika miaka yote hii haijawahi kumpeleka karani mmoja kwenye kozi ya siku mbili. Wamarekani wana chama cha kazi hii ya kusimamia fedha za utafiti, NCURA, tangu 1959. Kusini mwa Afrika wana SARIMA tangu 2002. Afrika Mashariki tuna EARIMA. Ni kazi inayosomewa na watu wanaijenga maisha yao yote. Chuoni kwetu haina hata cheo, anapewa mhasibu aliyekuwa hana safari wiki hiyo.

Mafunzo apewe anayeshika kalamu. Na ayapate kabla fedha haijaingia benki, kwa sababu fomu ya mwezi wa kwanza inasainiwa mwezi wa kwanza.

Juzi dada mmoja wa mkataba, ana miezi mitano kazini, kakabidhiwa miradi miwili. Makabidhiano yalikuwa boksi la mafaili na nywila kwenye kipande cha karatasi. Akaja kuniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, nitajuaje gharama hii inakubalika na hii haikubaliki?" Nikamtolea nakala ya kurasa zangu, zenye mistari ya kalamu nyekundu, na nikamwambia kesho aanze na matamko ya siku.

Majibu yangu nayapeleka Jumatano. Kiambatisho cha kwanza ni orodha ya mahudhurio ya Morogoro, ile waliyosainia posho. Nakala ninayo kwa sababu malipo niliyaandaa mimi. Jina langu halimo.