Farasi mgongo mfupi na mpana: tandiko la Kiingereza, la Kimarekani au lisilo na kiunzi?

Nyasi_Mufindi
Kamwene wakuu. Nina farasi jike wa miaka tisa, Zawadi, ndiye ninayezunguka naye shamba la misonobari na parachichi huku Mufindi. Kimo chake begani ni sentimita 144, mgongo mfupi, mbavu zimetanuka kama pipa, na ile nundu ya mabega, pale shingo inapokutana na mgongo, kwake ni kama haipo.

Wiki iliyopita tulitembea saa moja na nusu, kilima na bonde. Nilipovua tandiko mgongo wote ulikuwa umelowa jasho, isipokuwa sehemu mbili nyuma tu ya makombe ya mabega, kila moja ukubwa wa kiganja. Pakavu kabisa, manyoya yamelala kama yamepigwa pasi. Nilipopabonyeza kwa vidole alilaza masikio na kuubonyeza mgongo chini kunikwepa. Miezi mitatu hii amekuwa akigoma kushuka bondeni, nami nikadhani ni ukaidi, nikamchapa mara mbili. Linaniuma hadi leo.

Nimeamua kubadilisha tandiko. Yapo matatu mbele yangu. La Kimarekani, lile la wachunga ng'ombe, limetumika, jirani analiuza laki sita. Lisilo na kiunzi, yaani lisilo na umbo gumu la ndani, mpwa wangu anaweza kuniletea kutoka Afrika Kusini. La tatu ni la Kiingereza la ngozi bandia, lenye upinde wa chuma wa mbele unaobadilishwa kwa upana. Mngekuwa ninyi mngechukua lipi?

SaisiMstaafu_Iringa
Binti yangu, pole, na usijilaumu mno. Nimetunza farasi miaka 31, na mimi pia nimewahi kumwona farasi mkaidi kumbe anaumia. Hapo pakavu ndipo palipobanwa. Tandiko likikandamiza sana mahali pamoja, jasho halitoki. Ukiendelea hivyo, baada ya miezi manyoya meupe yataota palepale, na hayo hayarudi rangi yake.

Kabla ya kuchagua, mpime. Msimamishe kwenye sakafu ya saruji, miguu sawasawa. Tafuta ukingo wa nyuma wa kombe la bega kwa vidole, weka alama ya chaki. Halafu papasa ubavu wa mwisho huku tumboni, ufuate ukielekea juu na mbele mpaka unapokutana na uti wa mgongo, weka alama ya pili. Kati ya alama hizo mbili ndipo tandiko linaporuhusiwa kubeba uzito. Nyuma ya ubavu wa mwisho ni kiuno, hakuna mbavu za kuushikilia uti.

Kisha chukua waya mnene wa umeme, ulaze juu ya mabega, vidole vitatu nyuma ya kombe, uukandamize ufuate mwili. Uinue polepole usipinde, uchore umbo lake kwenye boksi la katoni. Rudi na namba hizo ndipo tuzungumze habari ya kununua.

BintiNjombe
Dada, mimi ninatumia lisilo na kiunzi mwaka wa tatu sasa na silibadilishi. Linakaa kama blanketi, mabega ya farasi yako huru kabisa. Wangu alikuwa anajikwaa kila siku, sasa anatembea hatua ndefu. Kwa farasi mpana naona ndilo jibu, maana hakuna chuma cha kumbana.

Fundi_Ngozi_Mwanjelwa
BintiNjombe, kwa heshima, wako ana nundu ya mabega? Kama anayo, ndiyo inayolishika tandiko lako lisizunguke. Zawadi hana. Kwa farasi wa mviringo, tandiko lisilo na kiunzi huzunguka upande pale unapopanda kutoka chini, na ukilizuia kwa kukaza mkanda wa tumbo kupita kiasi unamtesa kwa njia nyingine. Tena kiunzi ndicho kinachogawa uzito. Kikikosekana, uzito hukusanyika chini ya makalio yako na pale mikanda ya vikuku, vile vya kukanyagia, inapofungwa. Yapo yenye mito mizuri inayoacha mfereji juu ya uti, lakini hayo nayo yanataka pedi maalumu.

Sasa nieleze jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Upana si namba tu, ni umbo. Geuza tandiko, litazame kwa mbele. Upinde mwingine umekaa kama V iliyofunguliwa, mwingine kama U. Matandiko mawili yanaweza kuandikwa "pana" yote mawili, lakini lile la V litambana Zawadi chini, kwenye ncha, hata kama juu kuna nafasi ya kupitisha ngumi. Wamiliki huona ile nafasi ya juu wakaridhika. Farasi wa aina yake anataka U. Leta mchoro wa katoni, ukate, uupachike ndani ya tandiko kabla hujatoa hata shilingi.

Usangu_Punda
Mimi sina farasi, nina punda sita wa kubeba mpunga huku Mbarali, ila mnayoyasema nayajua. Punda naye hana nundu, mgongo wake umenyooka. Zamani tulikuwa tunatupa magunia juu ya blanketi moja nene, vidonda kwenye uti kila mwezi. Sasa tunashona soji, yaani tandiko la mizigo, ya mito miwili iliyotenganishwa, mmoja kila upande wa uti, katikati pabaki wazi upana wa vidole vinne. Nimejaza majani makavu, nayabadilisha kila msimu. Vidonda vimekwisha. Kwa hiyo dada, lolote utakalochukua, hakikisha mchana unauona mwanga ukitokea upande wa pili ukichungulia chini yake kwa nyuma.

Mganga_wa_Mifugo_Uyole
Usangu_Punda kasema kweli. Naongeza habari ya uzito, kwa sababu ndiyo inayoamua kuhusu lile la Kimarekani. Pima mzunguko wa kifua kwa sentimita, nyuma tu ya kiwiko. Zidisha namba hiyo kwa yenyewe, kisha zidisha kwa urefu wa mwili toka ncha ya bega hadi ncha ya tako, ugawe kwa 11,880. Unapata kilo kwa ukaribu wa kuridhisha. Mzigo wote, yaani wewe, viatu, koti la mvua na tandiko, usizidi asilimia 20 ya uzito huo. Kama ni mnene, pungua zaidi, maana mafuta hayabebi mzigo.

Nyasi_Mufindi
Shikamoo mzee Saisi, na asanteni wote. Nimepima leo asubuhi kabla ukungu haujaondoka.

Kombe la bega hadi ubavu wa mwisho: sentimita 40. Mito ya tandiko langu la sasa ina sentimita 47. Yaani saba nzima zilikuwa zinamkalia kiunoni, hali mbele linambana. Nimelia kidogo, nasema ukweli.

Mzunguko wa kifua 182, urefu 143. Nimepata kilo 399, kwa hiyo mzigo usizidi kilo 80. Mimi na nguo zangu za kazi ni kilo 64. La jirani nimelipima kwa mizani ya mahindi, kilo 16. Limefika palepale kwenye mpaka, hata kabla sijafunga panga na chupa ya maji.

SaisiMstaafu_Iringa
La jirani liache, ila tulitendee haki. Tandiko la Kimarekani limetengenezwa kwa mtu anayeshinda juu ya farasi toka alfajiri hadi jioni. Mbao zake ndefu zinatandaza uzito eneo kubwa, na kwa farasi mwenye mgongo mrefu wa kutosha sijaona starehe kama hiyo. Pima mbao zenyewe chini, usipime ngozi inayoning'inia.

Nyasi_Mufindi
Mbao ni 55, mzee.

SaisiMstaafu_Iringa
Basi kwa sentimita 40 za Zawadi hapana mjadala. Hata ukikumbuka kwamba sehemu ya mbele ya mbao hizo hupanuka kupita juu ya bega, bado nyuma zitamgonga kiuno kila anapogeuka.

BintiNjombe
Nakubali kuhusu nundu. Wangu anayo, tena ndefu, sikuwahi kulifikiria hilo. Lakini swali kwa fundi: si anaweza kubaki na tandiko alilonalo akaongeza pedi nene ya manyoya ya kondoo? Wengi huku ndivyo wanavyofanya.

Fundi_Ngozi_Mwanjelwa
Hapana, na hapa nitasema kwa nguvu. Tandiko lililobana ukiliongezea pedi linabana zaidi, kwa sababu umeongeza unene ndani ya nafasi ileile. Pedi inaweza kusaidia tandiko lililo pana kidogo, basi. Na mtu asijaze mito kwa sufi ya godoro. Inashikana madonge, na donge moja chini ya uzito wa mtu ni kama jiwe. Mito ya sufu nafungua naichambua upya. Ya sponji ikikunjamana sina la kuifanyia.

Ushauri wangu: chukua la tatu, la Kiingereza lenye upinde unaobadilika. Kampuni kama Wintec na Thorowgood hutengeneza ya namna hiyo, na Thorowgood wana umbo maalumu kwa farasi wafupi wapana. Lakini usisome saizi ya kiti ukadhani ni saizi ya farasi. Kiti kinakupima wewe. Mito ya chini inampima yeye, na matandiko mawili ya kiti kimoja yanaweza kutofautiana sana chini. Kingine, angalia mkanda wa tumbo. Farasi wa mviringo pale pembamba pa tumbo huwa mbele sana, karibu na kiwiko, kwa hiyo mkanda ulionyooka hulivuta tandiko zima hadi juu ya mabega. Tafuta mkanda uliopinda katikati.

Sababu nyingine ya upinde unaobadilika ni hali yetu ya hewa. Mwezi wa nne majani yameshiba mvua na farasi ananenepa; mwezi wa kumi amepungua. Umbo la mgongo si lilelile.

Nyasi_Mufindi
Wakuu, narudi baada ya wiki tano. Tandiko limefika, mito ina sentimita 39. Niliweka upinde wa upana wa pili kutoka mwisho, nikaupachika mchoro wangu wa katoni, ncha zikaibana. Nikabadilisha ule mpana kuliko yote, katoni ikaingia kama imezaliwa humo. Bila pedi nililiweka mbele kidogo, nikalisukuma nyuma mpaka likatulia lenyewe. Halikubembea, na mkono wangu ulipita chini ya mito bila kukuta pengo katikati.

Jana tumetembea saa moja na nusu, njia ileile. Kwenye mteremko wa bondeni nililegeza hatamu nikamwacha aamue. Alisimama, akanusa ardhi, akashuka mwenyewe polepole, masikio yakiwa mbele. Nilipovua tandiko jasho lilikuwa sawa pande zote. Kushoto tu kuna sehemu ya ukubwa wa sarafu iliyokauka.

SaisiMstaafu_Iringa
Alhamdulillahi. Hiyo ya kushoto, kabla hujagusa mito, urefu wa vikuku vyako upo sawa? Wengi wetu tunakalia zaidi upande mmoja bila kujua. Muombe mtu asimame nyuma yako akutazame ukiwa juu. Na mwezi wa kumi mchore tena.

Nyasi_Mufindi
Nimepima sasa hivi, mzee. Kikuku cha kushoto kirefu kwa tundu moja.