Mjadala: Maelezo ya chombo cha takwimu yapimwe kwa msomaji mtu au kwa wakala wa akili mnemba?

Fundi wa Mpendae
Assalaam alaykum. Tuna tovuti ya kukodisha vyumba vya wageni, Nungwi na Jambiani. Chombo kinachotuhesabia wanaoitembelea kina maelezo marefu, na siku hizi hayasomwi na sisi. Anayasoma wakala wa akili mnemba: unamuuliza, anafungua maelezo, anaingia kwenye takwimu, anarudi na jibu. Nikamuuliza ukurasa wa bei hufunguliwa zaidi saa ngapi. Akasema saa 11 jioni. Tukaweka mtu wa kujibu saa hiyo mwezi mzima, kumbe ni saa 2 usiku. Chombo kinahesabu kwa UTC, yaani saa za kimataifa, sisi tuko mbele kwa saa 3, na hilo limeandikwa kwenye ukurasa wa mipangilio tu, si kwenye ule wa kuulizia takwimu.

Rai yangu: tusiyapime maelezo kwa uzuri wa kusomeka. Tuandike maswali 20 ambayo majibu yake tumeshayahesabu kwa mkono. Wakala aulizwe kila moja mara 5, kwani hajibu sawa kila mara, kisha aulizwe tena bila ya kupewa maelezo. Alama zikiwa zile zile, maelezo hayakumfaa kitu. Nimeanza na machache. Ya hapa mjini kayafahamu, ya mwenzetu wa Pemba hakuyafahamu.

Bi wa Jambiani
Mwanangu, unasema "hayasomwi na sisi" kama jambo jepesi. Aliyekaa saa 11 akisubiri wageni ni mie. Angeyasoma mtu mmoja tu akaiona hiyo UTC, nisingekaa bure.

Kijana wa Wete
Maswali ya Pemba yana nini? Kiswahili cha mjini kimekuwa sanifu kwa sababu wakoloni walikichagua, 1930 kama sikosei. Hakikushuka kutoka mbinguni.

Maalim wa Kikwajuni
1930 ndipo ilipoundwa kamati ya kukisanifisha Kiswahili. Kiunguja kilichaguliwa 1928, kwenye mkutano wa Mombasa.

Kijana wa Wete
Ahsante Maalim. Mwaka nimeukosea, neno langu liko pale pale.

Mhasibu wa Chake
Jamani turudini kwenye maelezo. Wangu mie anaokota ya zamani. Namuuliza kuhusu Google Analytics ya sasa, chombo cha kuhesabu wanaotembelea tovuti, ananifundisha ile iliyofungwa, sijui 2022.

Dada wa Michenzani
Ilisimama kupokea takwimu mpya Julai 1, 2023. Na ubaya wake ni kuwa maneno yamebaki, maana zimehama. Zamani ziara ya ukurasa mmoja tu ilihesabiwa kuwa mtu kaingia akatoka. Sasa akikaa zaidi ya sekunde 10 hahesabiwi hivyo, hata kama hakufungua ukurasa wa pili. Wakala akichanganya hizo mbili, jibu litakuja limenyooka na hesabu si yenyewe. Kwa hiyo Fundi, kwenye maswali yako 20 tia na yale ambayo jibu lake halimo katika maelezo. Akijibu badala ya kusema hakuliona, mkatie alama.

Fundi wa Mpendae
Hilo la kumkatia alama nimelichukua, dada. Wewe wa Wete, sikumtukana mtu. Nimesema wakala hakufahamu.

Kijana wa Wete
Liweke swali hapa walisome.

Fundi wa Mpendae
"Usiku wa Ijumaa waliingia wangapi?" Wakala akahesabu usiku unaokuja baada ya mchana wa Ijumaa, nami nikaona sawa. Mwenzetu alikuwa na hesabu nyengine.

Maalim wa Kikwajuni
Sasa hapo Kipemba kiko wapi? Usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, Unguja na Pemba. Alkhamisi jua likizama, Ijumaa imeingia. Mwenzako alihesabu sawasawa, wewe na wakala ndio mliokosea, tena ukamwandikia kosa yeye.

Kijana wa Wete
Allah akuweke, Maalim.

Dada wa Michenzani
Lakini chombo kimetengenezwa nje. Aliyeandika maelezo yake atajuaje siku yetu inaanza magharibi? Tuulize kwa tarehe na saa za tarakimu, yaishe.

Bi wa Jambiani
Mie siulizi kwa tarakimu, na mwenye nyumba wa Nungwi haulizi hivyo. Sisi ndio wenye maswali.

Mhasibu wa Chake
Basi tuandike ukurasa wetu mfupi, wakala ausome kabla ya maelezo ya chombo: saa zetu, usiku wetu, nani tunamwita mgeni na nani kapita tu. Nao upimwe vile vile, ukiwepo na usipokuwepo.

Fundi wa Mpendae
Nakubali. Mwenzangu wa Pemba, nimekukosea hadharani na naomba radhi hadharani. Nitumie maswali yako yote.

Kijana wa Wete
Atakutumia. Na ukurasa huo auandike yeye.

Bi wa Jambiani
Saa 2 inakaribia. Leo nani yuko kwenye simu?