Maonyesho ya vitabu vya watoto: michoro itundikwe kimo gani, na kipi kiguswe?

kurasa_wazi:
Wadau, naomba ushauri. Chumba ni mita 8 kwa 6, kuna michoro halisi 12 ya rangi za maji na vitabu vya picha 30. Maonyesho ni ya miezi 3, kwa familia zenye watoto wa miaka 3 hadi 10. Mpango wa sasa: katikati ya kila mchoro iwe sm 150 kutoka sakafuni, vitabu vyote ndani ya makabati ya kioo, maelezo ya maneno 120 kwa kila kimoja. Nirekebishe wapi?

fremu_na_ukuta:
Anza na kimo, mkuu. Mtoto wa miaka 4 ana urefu wa kama sm 100, macho yake yako kwenye 90 hivi. Ukitundika kwa 150, anachokiona ni ukingo wa chini wa fremu na mng'ao wa taa. Shusha hadi 110. Mzazi atachuchumaa, na akishachuchumaa wataanza kuongea kuhusu picha. Vigoda vya kupandia usiweke, vinahamishwa na watoto huanguka navyo.

Maneno 120 hakuna atakayeyasoma huku ameshika mkono wa mtoto. 30 au 40 yanatosha, herufi zisipungue pointi 24, na sentensi ya kwanza impe mtoto kitu cha kutafuta: "Paka amejificha wapi?"

mlinzi_wa_karatasi:
Mimi naihofia hiyo michoro. Rangi za maji zikififia hazirudi. Weka mwanga usiozidi lux 50 (lux ni kizio cha kupimia mwanga), na kipima mwanga kishikwe karibu na uso wa mchoro wenyewe, maana kipimo cha katikati ya chumba hakikwambii kitu. Madhara hujumlika: saa moja kwenye lux 100 ni sawa na saa mbili kwenye 50, kwa hiyo zima taa mara wageni wanapotoka. Jua la dirishani lizuie kabisa. Kona ya kusomea iwe na taa zake, zikielekea mbali na ukuta wa michoro.

Kwenye fremu tumia akriliki (plastiki angavu), haivunjiki vipande vikali kama kioo. Ila kama kuna mchoro wa mkaa au chaki, hapana: umeme tuli wa akriliki hunyanyua unga wake.

rafu_ya_chini:
Vitabu 30 vyote kabatini? Kwa mtoto hapo hakuna kitabu. Chagua 10, kila kimoja nakala 3: moja rafuni, mbili akiba. Majalada yatazame mbele, rafu ya juu isipite sm 90. Vitabu vyenye vipande vya kufunua juu ya picha huchanika kwenye mkunjo wa kipande, hivyo bandika mkanda wa kitambaa nyuma yake kabla ya ufunguzi. Selotepu hugeuka njano na gundi yake hunasa ukurasa wa pili.

kurasa_wazi:
Asanteni sana. Kuna kimoja cha zamani, nakala pekee. Hicho nacho?

mlinzi_wa_karatasi:
Hicho ndicho cha kabatini. Kilaze kwenye kiegemeo chenye umbo la V, kisifunguke zaidi ya nyuzi 120 uti usije ukapasuka, na ubadilishe ukurasa kila mwezi. Pembeni weka kijitabu cha kurasa zake zilizochapishwa upya, watoto wazifunue. Kama haki bado zina mwenyewe, pata ruhusa yake kwa maandishi kwanza. Kumiliki kitabu hakukupi haki ya kuchapisha picha zake.