Diski mbili za kawaida, SSD moja, au kulipia wingu? Naombeni ushauri, niko Dodoma

PichaZaNkuhungu

Wakuu habari za jioni. Naandika huku mikono bado inatetemeka kidogo.

Napiga picha za shughuli: sendofu, harusi, kipaimara, mahafali. Ofisi yangu ni chumba kimoja hapa Nkuhungu. Jumamosi nilikuwa na sendofu Kisasa, nikarudi saa saba usiku, nikahamishia picha zote kwenye diski ya nje kama kawaida yangu. Jumapili jioni nimekaa nazichambua, umeme ukakata. Mdogo wangu akainuka gizani kutafuta tochi, mguu ukanasa kwenye waya, diski ikatoka mezani mpaka sakafuni. Kimo cha meza tu! Umeme uliporudi nikaichomeka: tik, tik, tik, halafu kimya. Kompyuta haiioni kabisa. Ndani yake kuna kazi za miaka mitatu, GB 640 hivi.

Mama wa bibi harusi ameshapiga simu mara mbili. Mara ya kwanza nilimwambia bado nasafisha rangi. Mara ya pili sikupokea.

Nina laki tatu ya kuanzia upya. Nimewaza mambo matatu: ninunue diski mbili za kawaida za TB 1, au SSD moja ya TB 1, ile diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, ambayo naambiwa haiogopi kuanguka, au niachane na vifaa nilipie nafasi mtandaoni kila mwezi. Wenye uzoefu semeni. Tafadhali msinicheke.

FundiMajengo

Pole sana dada. Kabla ya kununua chochote: hiyo diski usiichomeke tena. Ndani kuna sahani zinazozunguka, hizi za kubebeka nyingi ni mara 5,400 kwa dakika, na juu yake kichwa cha kusomea kinaelea bila kugusa. Ikianguka huku inazunguka, kichwa kinaigonga sahani. Huo mlio ni kichwa kinapapasa na hakioni kitu. Kila ukiiwasha kinakwangua zaidi. Watakuja watu humu wakwambie uiweke kwenye friza. Friza ni ya nyama.

Kadi za kamera umeshazifuta?

PichaZaNkuhungu

Nilizifomati Jumapili asubuhi kaka. Zote mbili. Ila sijazipigia kitu.

FundiMajengo

Basi bado kuna uhai. Kufomati kwenye kamera mara nyingi ni kuchana kitabu cha wageni cha gesti, wageni wenyewe bado wamelala vyumbani. Ukipiga picha mpya ndiyo unawapangisha wengine juu yao. Kwa hiyo kadi hizo zitoe kwenye kamera, zifunge kwenye karatasi. Kisha pakua programu inaitwa PhotoRec, ni ya bure, iambie isome kadi na itakachookota ikiweke kwenye kompyuta, SIYO kwenye kadi ileile. Majina ya picha yatapotea, utapata kitu kama f0384512.jpg, na mpangilio utauhangaikia mwenyewe. Anza sasa hivi, maswali ya kununua tutayajibu kesho.

KijanaWaSabasaba

Mnajisumbua bure. Mimi nina flashi ya TB 2, nimenunua elfu thelathini kwa jamaa anayetembeza, ipo kwenye funguo za pikipiki mwaka wa pili huu. Kwaya yetu yote imo humo, video na nyimbo. Laki tatu unapata flashi kumi.

FundiMajengo

Mkuu, TB 2 kwa elfu thelathini? Hiyo imeandikwa TB 2, haina TB 2. Ndani huwa kuna GB 16 au 32, wameichezea ili iidanganye kompyuta. Utaona jina la faili, utaona na ukubwa wake, ukilifungua hakuna kitu. Kuna programu ndogo ya Windows inaitwa H2testw, inaandika data kisha inasoma ilichoandika. Hamisha vitu vyako kwanza, halafu uiambie iandike GB 100 tu, la sivyo utakesha siku mbili tatu. Uje utupe majibu.

KijanaWaSabasaba

Sawa fundi. Utakula maneno yako.

ChimwagaHoi

Dada pole. Mimi niko chuo, tasnifu yangu iko kwenye Google Drive, na ningekushauri wingu moja kwa moja, ila acha nikueleze na kisa changu ujue linang'ata wapi.

Mwezi wa nne kompyuta ilikuwa inalalamika imejaa. Nikaona folda ya madodoso ya utafiti, nikajisemea si iko kwenye wingu, nikaifuta kwenye kompyuta. Siku mbili baadaye nafungua simu, haipo. Kumbe nilichokuwa nacho hakikuwa bakapu (nakala ya akiba), kilikuwa kusawazisha: ukifuta huku, inafuta na kule, tena kwa uaminifu mkubwa. Kilichoniokoa ni pipa la taka la Drive, linakaa na faili siku 30. Ningechelewa mwezi, ningerudi vijijini Mpwapwa kuuliza watu maswali yaleyale.

Halafu za bure ni GB 15, na hizo zinagawana Gmail, Drive na Picha za Google. Zamani picha zilizopunguzwa ubora zilikuwa hazihesabiwi, hilo liliisha tarehe 1 Juni 2021. Mimi naandika maneno, zinanitosha. Wewe una GB 640.

FundiMajengo

Na hapo hajagusa suala la bando. Chukulia mtandao wako unapandisha megabiti 5 kwa sekunde, usiku na mchana, bila kukata. GB 640 ni karibu siku 12. Ukiwa na faiba ofisini ni habari nyingine, ila kwa bando la simu, wingu ni la picha chache zilizoteuliwa, siyo ghala.

Mwl_Bahi

Nimesoma kimya kimya, niongeze langu. Mimi ni mwalimu, natunza matokeo ya wanafunzi kwenye Excel. Mwaka juzi nilipeleka flashi stationari kuchapisha mtihani, nikaichomeka kwenye kompyuta yao, kurudi nyumbani folda zote zimegeuka njia za mkato za KB 1. Matokeo ya kidato cha pili, mikondo minne, hayapo. Nililala saa tisa nikiyaandika upya kutoka kwenye karatasi. Kwa bahati siku hizo nilikuwa bado nasahihisha kwa kalamu.

Tangu hapo flashi yangu ya kuchapishia ina faili moja tu, lile la kuchapisha.

FundiMajengo

Shikamoo mwalimu. Safari nyingine kabla hujaandika upya: hivyo virusi huwa vinaficha tu, havifuti. Fungua ile skrini nyeusi ya amri, na kama flashi ni E, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ubonyeze Enter. Folda zinarudi. Kisha piga antivirusi ndiyo uzifungue.

Mwl_Bahi

Marahaba kijana. Ungekuwa jirani yangu mwaka juzi ningechinja kuku.

MamaWaMtumba

Wingu lina mlango, na mlango una ufunguo. Mimi nilihamia Dodoma na ofisi, nikaacha kutumia laini yangu ya zamani. Ikakaa miezi bila kuwekwa vocha, ikafungwa. Siku simu ilipoibiwa stendi Nzuguni, nimenunua nyingine, naingiza akaunti, inasema namba ya uthibitisho imetumwa kwenye... laini ileile. Nywila ninaikumbuka vizuri kabisa, na bado sikuingia. Picha za marehemu baba ziko humo mpaka leo, naziona kwenye ndoto tu.

Dada ukienda wingu, bado hujalipia hata shilingi, nenda kwenye mipangilio ya usalama, toa zile namba za akiba za kuingilia, zichapishe, ziweke pamoja na cheti cha kuzaliwa. Na ile namba ya simu iwe unayoitumia kweli.

Jingine: ile bakapu ya WhatsApp kwenye simu za Android nayo tangu 2024 inahesabiwa kwenye zile GB 15. Wengi inawajazia akaunti hawajui ni nini.

FundiMajengo

Nirudi kwenye swali lenyewe sasa.

SSD haina kinachozunguka, kwa hiyo meza ya juzi isingeiua. Ni nyepesi na inakimbia mno, ukichambua picha humo utafurahi. Ila ina tabia mbili. Ikifa, mara nyingi inakufa kimya, leo ipo kesho haipo, haikupi hata huo mlio wa tik tik. Na haipendi kutupwa kabatini miaka bila kuonja umeme, data inaweza kufifia. Kwa hiyo SSD ni ya kazi za kila siku, siyo ya kumbukumbu za 2019.

Hadidiski, yaani hiyo diski ya kawaida, ni nzito, ni ya polepole, inaogopa kuanguka, lakini kwa pesa ileile unapata nafasi kubwa zaidi. Tena hapa Dodoma kinachoziua mapema ninachokiona mezani kwangu siyo hata kuanguka, ni lile tundu la waya, lile pana bapa. Linalegea, vumbi la kiangazi linajaa, mtu anasogeza kidogo inakatika katikati ya kukopi. Nimefungua diski ya mteja wa Ihumwa, tunduni nikatoa vumbi jekundu la kutosha kupandia mchicha. Diski nzima, tundu bovu.

Ushauri wangu: mbili za kawaida. Sikuchagulii kampuni. Ila zisikae sehemu moja. Kuna kanuni iliyotangazwa na mpigapicha mwenzio, Peter Krogh: nakala 3, kwenye aina 2 za vifaa, 1 ikae nje ya nyumba. Wewe anza na hiyo ya mwisho, kwa sababu mwizi akiingia Nkuhungu hachagui diski A au B, anachukua begi.

Mwl_Bahi

Hiyo ya nje ya nyumba naifanya. Binti yangu yuko Dar, kila akija likizo anaondoka na diski moja ananiachia nyingine. Nimepiga hesabu ya fundi hapo juu: TB 1 kwa hiyo megabiti 5 ni zaidi ya siku 18. SGR inaifikisha Dar chini ya saa nne, na binti ananunua na soda njiani.

ChimwagaHoi

Hahaha mwalimu, hiyo ndiyo intaneti ya kasi.

Ila diski ikipotea treni je? Picha za watu hizo, na matokeo ya watoto. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ifungeni kwa nywila, kuna programu ya kufungia diski inaitwa VeraCrypt, ni ya bure.

Mwl_Bahi

Hilo sikuwa nimeliwaza. Asante binti. Au kijana, sijui.

ChimwagaHoi

Binti, mwalimu. Shikamoo.

KijanaWaSabasaba

Wakuu.

Nimeipima. Imeandika GB 100 kwa karibu saa tatu, ikaanza kusoma. Iliyo nzima ni GB 29. Nyingine zote inasema zimepotea. Nikarudi kufungua video za kwaya nilizozihamisha. Za mwaka jana mwanzoni zinacheza. Kuanzia ile ya Pasaka hakuna hata moja inayofunguka. Na mimi ndiye niliyewaambia wenzangu wafute kwenye simu zao kwa sababu "zipo kwangu".

Mwenyekiti wa kwaya ni baba mkwe.

FundiMajengo

Sikuli maneno yangu, lakini pole kwa dhati. Waulize kama kuna waliorushiana kwenye kundi la WhatsApp. Ubora utakuwa umeshuka, ila sauti itasikika.

MamaWaMtumba

Na baba mkwe mwambie leo leo, kabla hajasikia kwa mtu mwingine.

PichaZaNkuhungu

Nimerudi wakuu, samahanini kwa ukimya, nilikuwa nahangaika na kadi.

PhotoRec imeokota picha 731 za sendofu. Nilipiga kama 900, zisizorudi nyingi ni za mwanzo, wageni wanashuka kwenye magari. Keki ipo, zawadi zipo, mama anamkabidhi binti ipo. Nimepanga kwa kuangalia nguo na mwanga wa dirishani, usiku mbili. Nimempigia mama wa bibi harusi nikamwambia ukweli wote, hata lile la kusafisha rangi kuwa ulikuwa uongo. Akanyamaza, akauliza, "Ya mama yangu ipo?" Bibi alitoka Kondoa kwa ajili ya siku hiyo. Nikasema nitaangalia.

Diski iliyoanguka nimeifunga kwenye kitambaa. Kuna mtu Dar anajaribu, bei yake inazidi hiyo laki tatu, kwa hiyo itasubiri. Kazi za miaka mitatu nimeanza kuwaomba wateja wangu wa zamani wanirudishie nakala. Aibu, lakini wengine wameshatuma.

Nimenunua mbili za kawaida, TB 1 kila moja. Nimezibandika selotepu nyeupe, A na B. A inakaa ofisini, sasa iko chini kwenye kreti ya soda yenye godoro, waya umepita nyuma ya meza. B iko kwa mama mdogo Chamwino, kila Jumapili nikienda kanisani naichukua, naongeza za wiki, narudisha. Za wingu nimeweka zile tu mteja alizochagua za albamu, hazijai hata GB 4. SSD nitanunua msimu wa harusi ukinikubali. Na kadi sifomati tena mpaka mteja asaini amepokea.

FundiMajengo

Safi. Swali moja tu. Umeshafungua picha yoyote kutoka kwenye B, kwenye kompyuta isiyokuwa yako? Wengi wanakopi miaka miwili hawajawahi kufungua hata moja.

PichaZaNkuhungu

Ngoja nimpigie mama mdogo, mwanae ana laptopu.

...

Imefunguka. Nimemwambia achague yoyote, akachagua ya bibi wa Kondoa. Amefumba macho, lakini yupo.