Mkenya alipe kuingia Fort Jesus, ile Ngome ya Wareno Mombasa?

Mwana wa Kibokoni: Wageni wa ng'ambo walipe, sina neno. Lakini mtoto aliyezaliwa nyuma ya ukuta wa Ngome anauona kwa nje tu akienda kuogelea, kisa hana kiingilio. Wenyeji waingie bure. Mnaonaje?

Otis wa Bara: Bure ya nini? Mimi nusu saa nilikuwa nimemaliza. Mizinga na kuta. Hiyo pesa heri ule viazi karai.

Mamake Swaleh: Nusu saa! Ulikuwa unafukuzwa na askari wa kaunti? Uliviona vitu vilivyoopolewa kwenye meli ya Wareno iliyozama 1697 hapo hapo chini ya Ngome? Na meli walizochora wanajeshi wao ukutani?

Jahazi Kuukuu: Meli hiyo ilikuja kuwaokoa wenzao. Waomani waliwazingira miaka mitano mule ndani.

Mwalimu Mstaafu: Haifiki hata mitatu. 1696 hadi 1698.

Jahazi Kuukuu: Mitatu, mitano, njaa na maradhi viliwamaliza vile vile. Halafu Mwingereza akaifanya jela mpaka miaka ya hamsini, na sijasikia mfungwa aliyedaiwa kiingilio.

Otis wa Bara: Haya, historia mnaijua. Ila watu wa Mji wa Kale mna macho. Dada yangu kavaa kaptura tu, mzee mmoja yuko barazani akamgombeza mbele za watu.

Mamake Swaleh: Kwani pale ni ufuoni? Watu wanaishi pale. Msikiti wa Mandhry uko hapo tangu 1570, Ngome yenyewe haijajengwa! Kwenu angepita hivyo mbele ya wazee?

Otis wa Bara: Kwetu wangemsalimia kwanza.

Mwalimu Mstaafu: Hapo kijana kasema. Mzee angeanza na salamu, kaptura baadaye.

Mamake Swaleh: Mwalimu nawe! Mabinti zako wanavaa nini?

Mwalimu Mstaafu: Mabinti zangu hawakutajwa hapa, mama. Tuheshimiane.

Tuktuk Ngomeni: Mimi nasema ukweli: wenye kaptura hulipa bila kubisha. Wenye buibui toka Makadara mpaka Ngomeni wanataka hamsini, na mzigo juu.

Mamake Swaleh: Kumbe ni wewe uliyenitoza mia mbili Ijumaa! Namba ya tuktuk yako ninayo.