Mzunguko wa kilomita 14 kando ya bahari yenye miamba: nianzie chini au juu?

mguu_pekupeku: Wakuu habari. Napanga kutembea mzunguko. Kilomita 6 ni za chini, juu ya miamba ya ufukweni, kisha njia inapanda genge na kurudi kwa juu kilomita 8 hadi pa kuanzia. Kupanda kwa jumla ni mita 300. Kwenye kilomita ya 4 kuna rasi isiyopitika maji yakijaa. Nianzie upande gani, na saa nne zinatosha?

kupwa_na_kujaa: Anzia chini, maji yakiwa yanapwa. Ukichelewa nusu saa njiani, bahari bado inakuachia nafasi. Ukianzia juu unafika rasini umechoka, na kosa dogo la muda linakukutanisha na maji yanayojaa.

Halafu maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawa tofauti ya kupwa na kujaa mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kama tofauti ni mita 3.6, saa ya kwanza ni sentimita 30 tu, unajiona uko salama. Saa ya tatu ni sentimita 90. Hapo ndipo watu hunaswa kwenye hori, genge nyuma na maji mbele.

soli_ngumu: Saa nne hazitoshi. Kanuni ya Naismith (kilomita 5 kwa saa, ongeza saa moja kila mita 600 za kupanda) ingekupa kama saa 3 na dakika 20, ila ile ni ya njia nzuri. Juu ya mawe hesabu kilomita 2 kwa saa: chini saa 3, juu saa 2, kupanda nusu saa. Tano na nusu, bado hujapumzika.

kupwa_na_kujaa: Kwa mwendo huo rasi iko saa mbili kutoka mwanzo. Ipite saa moja kabla ya maji kupwa kabisa. Jedwali la kupwa na kujaa likisema kupwa ni 13:12, hiyo ni saa 7:12 mchana: uwe rasini saa 6:12, uondoke saa 4:12 asubuhi. Angalia sana hapo, 07:00 ya jedwali ni saa moja, si saa saba! Na usitumie jedwali la jana, maji huchelewa takriban dakika 50 kila siku.

mguu_pekupeku: Asanteni. Siku hiyo ni bamvua (maji hujaa na kupwa sana), mwezi mpevu. Niahirishe hadi maji mafu, tofauti ya kupwa na kujaa ikiwa ndogo?

kupwa_na_kujaa: Si lazima. Wengi hudhani maji mafu ndiyo salama, kumbe siku hizo bahari haipwi sana na rasi inaweza isifunguke kabisa. Bamvua hufungua njia pana, ila maji yakirudi yanarudi kwa kasi. Cha kuahirishia ni upepo mkali unaovuma kutoka baharini au mawimbi makubwa. Ukifika rasini, simama dakika 10 utazame mawimbi kabla ya kuingia. Mwamba uliolowa juu ya mstari wa maji maana yake kuna wimbi limefika pale.

soli_ngumu: Viatu: soli laini ya mpira inayokunjika, inashika mwamba mkavu vizuri. Kwenye jiwe jeusi au la kijani lenye utelezi wa mwani hakuna soli inayosaidia, zunguka. Jiwe lenye magamba makali hushika mguu, lakini ukianguka linachana viganja, kwa hiyo vaa glavu.

Juu ya genge usisogelee ukingo kupiga picha. Mara nyingi chini yake pameliwa na mawimbi, umesimama juu ya nyasi na hewa. Ukiona ufa kwenye udongo, pita upande wake wa bara. Mvua ikiwa imenyesha jana, usikae kula chini ya genge, mawe hudondoka.

Maji ya kunywa beba lita 3. Ramani ipakue kwenye simu kabla ya kutoka, maana chini ya genge mtandao hukatika.